Tuhuma dhidi ya serikali ya kijeshi ya Marekani nchini Ujerumani (1945–1949)

Tuhuma dhidi ya serikali ya kijeshi ya Marekani nchini Ujerumani ni malalamiko, mashtaka na ripoti zilizotolewa kati ya mwaka 1945 na 1949 kuhusu mwenendo wa maofisa na askari wa Marekani waliotawala sehemu ya Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Zilihusu hasa biashara ya magendo, wizi wa mali, matendo mabaya dhidi ya wanawake, uangalizi mbovu wa wakimbizi na ulegevu katika kuwaondoa wafuasi wa chama cha Nazi madarakani. Iliyovuma zaidi ni ripoti ya siri ya Novemba 1946 iliyoandikwa na George Meader, mwanasheria wa kamati maalumu ya Seneti ya Marekani.

Tuhuma hizo hazikuwa za aina moja. Baadhi zilithibitishwa mahakamani na wahusika wakafungwa. Nyingine ziliishia kwenye ripoti bila uchunguzi kamili. Nyingine tena zilichanganywa na ubaguzi wa rangi kiasi kwamba lawama zilielekezwa kwa askari weusi kuliko kwa wakubwa waliowaongoza. Kwa pamoja zinaonyesha ugumu wa kuwajibisha serikali inayotawala kwa nguvu ya jeshi mahali ambapo wananchi hawana bunge wala mahakama ya kuishtaki.

Usuli

Ujerumani ilisalimu amri tarehe 8 Mei 1945. Tarehe 5 Juni mwaka uleule Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti zilitangaza mjini Berlin kwamba zinashika mamlaka yote ya juu katika nchi hiyo. Ujerumani iligawanywa katika kanda nne, na mji wa Berlin katika sekta nne. Kanda ya Marekani ilijumuisha Bavaria, Hesse, sehemu ya kaskazini ya Württemberg na Baden, pamoja na eneo la bandari ya Bremen.

Tarehe 1 Oktoba 1945 iliundwa Ofisi ya Serikali ya Kijeshi ya Marekani kwa Ujerumani, inayojulikana kwa kifupi kama OMGUS. Makao yake makuu yalikuwa Berlin, wakati makao makuu ya jeshi lenyewe yalikuwa Frankfurt. Gavana wa kijeshi wa kwanza alikuwa Jenerali Dwight D. Eisenhower; alifuatwa na Jenerali Joseph T. McNarney mnamo Novemba 1945, kisha Jenerali Lucius D. Clay kuanzia Machi 1947 hadi Mei 1949. Clay alikuwa naibu gavana tangu mwanzo, na ndiye aliyeongoza kazi za kila siku za serikali hiyo kwa sehemu kubwa ya kipindi chote.

Vita vilipokwisha kulikuwa na askari wa Marekani zaidi ya milioni 1.6 ndani ya Ujerumani. Wengi walitaka kurudi nyumbani mara moja, na jeshi liliwaondoa kwa utaratibu wa alama: waliopigana kwa muda mrefu zaidi waliondoka kwanza. Katika miaka miwili idadi ilishuka hadi chini ya 200,000. Matokeo yake ni kwamba askari wazoefu waliondoka, na nafasi zao zikachukuliwa na vijana waliokuwa na mafunzo machache na kazi chache za kufanya. Hata maofisa waliofundishwa utawala katika shule maalumu ya jeshi mjini Charlottesville, Virginia, wengi wao walikwenda zao mapema.

Upande wa pili walikuwepo wananchi wenye njaa. Mwanzoni mwa 1946 mgawo rasmi wa chakula kwa Mjerumani wa kawaida katika kanda ya Marekani ulikuwa kalori 1,550 kwa siku. Mwezi Aprili ulipunguzwa hadi 1,275, na mwishoni mwa Mei hadi 1,180. Askari wa Marekani alipata zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, pamoja na sigara, sabuni, kahawa na chokoleti alizonunua kwa bei nafuu katika maduka ya jeshi. Pengo hilo kati ya mtawala aliyeshiba na mtawaliwa mwenye njaa ndilo lililozaa sehemu kubwa ya matukio yaliyofuata.

Mamlaka na uwajibikaji

Sheria ya kimataifa ilikuwa na masharti kuhusu hali hiyo. Kanuni za Den Haag za mwaka 1907 zinalitaka jeshi linalokalia nchi ya watu kurudisha na kulinda utulivu wa umma, kuheshimu mali ya watu binafsi, na kutofanya uporaji. Lakini sheria hizo hazikuwa na chombo ambacho raia wa nchi iliyokaliwa angeweza kukiendea.

Mahakama za Kijerumani zilifunguliwa tena chini ya Sheria Na. 2 ya serikali ya kijeshi, ila hazikuruhusiwa kusikiliza kesi dhidi ya raia wa nchi washindi bila idhini. Mjerumani aliyeibiwa na ofisa, au mwanamke aliyezaa na askari na kutaka matunzo ya mtoto, hakuwa na mahakama ya nchi yake ya kwenda. Alilazimika kupeleka malalamiko kwa jeshi lilelile analolilalamikia. Kwa hiyo tuhuma nyingi zilizojulikana hazikutoka kwa Wajerumani. Zilitoka kwa Wamarekani wenyewe: maofisa waliokataa kunyamaza, waandishi wa habari, wakaguzi wa jeshi na wabunge.

Biashara ya magendo

Tuhuma iliyoenea kuliko zote ilikuwa ya ulanguzi, na chanzo chake kilikuwa katika mfumo wa fedha. Nchi washindi zilichapisha fedha ya pamoja iliyoitwa marki ya kijeshi. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliupa Umoja wa Kisovyeti mabamba ya kuchapia noti hizo, nao Wasovyeti wakachapisha kwa wingi na kuwalipa askari wao malimbikizo ya mishahara ya miaka. Askari wa Kisovyeti hakuweza kupeleka fedha hizo kwao, hivyo alikuwa tayari kulipa bei yoyote kwa saa ya mkono. Askari wa Marekani, kinyume chake, aliweza kubadilisha marki 10 kwa dola moja na kutuma dola hizo nyumbani kupitia posta ya jeshi.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Katoni ya sigara ilimgharimu askari takriban dola moja au chini ya hapo. Mitaani Berlin katoni hiyo iliuzwa kwa marki 1,000 au zaidi, yaani dola 100 kwa kiwango rasmi. Mshahara wa msingi wa askari wa cheo cha chini mwaka 1945 ulikuwa dola 50 kwa mwezi. Hivyo katoni moja ilimpa mishahara ya miezi miwili. Kwa mfanyakazi wa Kijerumani, ambaye mshahara wake ulikuwa marki 150 hadi 200 kwa mwezi, katoni hiyohiyo ilikuwa na thamani ya kazi ya karibu nusu mwaka.

Biashara ilifanyika waziwazi katika bustani ya Tiergarten na karibu na magofu ya jengo la bunge la Reichstag. Wajerumani walileta kamera, vyombo vya kaure, pete za ndoa na mazulia ili kupata chakula au sigara za kubadilishia chakula. Mwezi Julai 1945 askari wa Marekani waliokuwa Berlin walilipwa mishahara ya takriban dola milioni 1, lakini walituma nyumbani takriban dola milioni 3. Tofauti hiyo haikuweza kuelezwa kwa njia nyingine yoyote isipokuwa magendo.

Jeshi lilichukua hatua kidogokidogo. Novemba 1945 kila askari alipewa kitabu cha kudhibiti fedha, ambamo mapato yake halali yaliandikwa ili asitume zaidi ya alichopata. Septemba 1946 askari walianza kulipwa kwa hati maalumu za jeshi ambazo Wajerumani hawakuruhusiwa kuwa nazo. Kufikia hapo jeshi lilikuwa limekwisha badilisha marki nyingi kuliko ilizowalipa askari wake, kwa tofauti ya zaidi ya dola milioni 200. Jambo hilo lilichunguzwa na kamati za Seneti mwaka 1947.

Clay alijaribu pia kuhalalisha sehemu ya biashara hiyo kwa kufungua masoko rasmi ya kubadilishana vitu mjini Berlin na Frankfurt. Watetezi walisema kwamba masoko hayo yalimpa Mjerumani bei ya haki. Wapinzani walisema kwamba serikali sasa imekuwa dalali wa urithi wa watu wenye njaa. Mwaka 1947 alipiga marufuku uingizaji wa sigara kupitia vifurushi vya posta. Hata hivyo kilichomaliza uchumi wa sigara ni kuanzishwa kwa fedha mpya, Deutsche Mark, katika kanda za magharibi tarehe 20 Juni 1948.

Wizi wa vito vya Hesse

Kesi iliyowatikisa wakubwa wa jeshi zaidi ni ile ya kasri la Friedrichshof mjini Kronberg, karibu na Frankfurt. Kasri hilo lilijengwa kwa ajili ya mjane wa Kaisari Friedrich III, ambaye alikuwa binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilililichukua na kuligeuza klabu ya maofisa. Familia ya Hesse ilikuwa imeficha vito vyake chini ya sakafu ya chumba cha chini wakati wa vita na kuifunika kwa saruji.

Novemba 1945 hazina hiyo iligunduliwa. Kapteni Kathleen Nash, aliyesimamia klabu hiyo, hakuitolea taarifa ipasavyo. Yeye pamoja na Kanali Jack Durant na Meja David Watson waliving'oa vito kutoka kwenye mataji na mikufu, wakauza baadhi nchini Uswisi na kupeleka vingine Marekani. Jambo lilifichuka mwaka 1946, wakati Binti Mfalme Sophie, aliyekuwa akijiandaa kwa harusi yake, alipoomba vito vyake na kukuta havipo. Nash na Durant, waliokuwa wamekwisha oana, walikamatwa Chicago mwezi Juni.

Kesi zilisikilizwa na mahakama ya kijeshi mjini Frankfurt. Nash alihukumiwa kifungo cha miaka 5, Watson miaka 3, na Durant miaka 15. Vito vilivyopatikana, ambavyo vilikuwa chini ya nusu ya vilivyoibwa, vilirudishwa kwa familia mwaka 1951.

Kesi hiyo ilionyesha kwamba jeshi liliweza kuwashtaki maofisa wake hata wa cheo cha kanali. Lakini ilionyesha pia ni nani aliyesikilizwa: walioibiwa walikuwa ukoo wa kifalme wenye undugu na nyumba za kifalme za Ulaya. Mwenye nyumba wa kawaida ambaye fanicha au picha zake zilichukuliwa nyumba yake ilipotwaliwa kwa ajili ya makazi ya maofisa hakuwa na sauti ya namna hiyo.

Michoro 202 na tamko la Wiesbaden

Tuhuma nyingine ilihusu amri ya serikali yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1945 iliamriwa kwamba michoro 202 ya thamani kubwa kutoka makumbusho ya Berlin isafirishwe Marekani kwa maelezo kwamba itatunzwa vizuri zaidi huko. Maofisa wa jeshi waliokuwa na kazi ya kulinda kazi za sanaa walikutana Wiesbaden tarehe 7 Novemba 1945 na kutia sahihi tamko la kupinga. Hoja yao ilikuwa kwamba Wajerumani walikuwa karibu kushtakiwa Nuremberg, ndani ya kanda hiyohiyo ya Marekani, kwa makosa ambayo ni pamoja na kuchukua mali za kitamaduni za nchi walizozikalia. Marekani haikuweza kufanya jambo linalofanana kisha ikatumia kisingizio cha ulinzi.

Michoro ilisafirishwa hata hivyo. Mwaka 1948 ilionyeshwa Washington na kutazamwa na watu karibu milioni moja, kisha ikarudishwa yote Ujerumani kufikia mwaka 1949. Tamko la Wiesbaden linatajwa mara nyingi kama mfano adimu wa maofisa wa jeshi kupinga kwa maandishi amri waliyoiona si halali.

Mwenendo dhidi ya wanawake

Majeshi ya Marekani yalipoingia Ujerumani yalikuwa chini ya amri ya kutochangamana na Wajerumani. Aliyekiuka aliweza kutozwa faini ya dola 65. Amri hiyo haikutekelezeka. Ililegezwa katika majira ya kiangazi ya 1945 na kufutwa tarehe 1 Oktoba. Marufuku ya ndoa kati ya askari na Wajerumani iliendelea hadi Desemba 1946.

Kesi za ubakaji zilizofikishwa mbele ya mahakama za kijeshi ziliongezeka sana mwezi Machi na Aprili 1945, wakati majeshi yalipokuwa yakisonga mbele ndani ya Ujerumani. Baada ya hapo tuhuma zilihusu zaidi mahusiano yaliyojengwa juu ya njaa. Mwanamke aliyekuwa na watoto wa kulisha aliweza kupata kutoka kwa askari mmoja chakula ambacho kadi yake ya mgawo haikumpa kwa wiki nzima. Wakosoaji walitaja mambo hayo kama uasherati wa askari au wa wanawake wa Kijerumani. Wanahistoria wa baadaye wamesisitiza kwamba kati ya mwenye bunduki na chakula, na asiyekuwa na chochote, mpaka kati ya ridhaa na shuruti haukuwa wazi.

Wakimbizi na kuondolewa kwa Wanazi

Majira ya kiangazi ya 1945 Rais Harry S. Truman alimtuma Earl G. Harrison, mkuu wa kitivo cha sheria katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kuchunguza hali ya wakimbizi, hasa Wayahudi walionusurika kwenye kambi za mauaji. Harrison aliripoti mwezi Agosti kwamba wengi walikuwa bado wamefungiwa nyuma ya seng'enge, chini ya walinzi, baadhi wakivaa nguo zilezile za wafungwa, huku Wajerumani jirani wakiishi majumbani mwao. Truman aliichukulia ripoti hiyo kwa uzito na kumwandikia Eisenhower. Wayahudi walitengewa kambi zao, mgawo wao wa chakula ukaongezwa, na mshauri wa masuala ya Kiyahudi akateuliwa katika makao makuu.

Mwezi Septemba 1945 tuhuma zilimfikia Jenerali George S. Patton, aliyekuwa na mamlaka juu ya Bavaria. Alilaumiwa kwa kuacha wafuasi wa Nazi katika ofisi za serikali, na mbele ya waandishi wa habari alilinganisha uanachama wa chama cha Nazi na uanachama wa vyama vya kawaida vya siasa vya Marekani. Eisenhower alimwondoa kwenye uongozi wa Jeshi la Tatu, na Fritz Schäffer, waziri mkuu wa Bavaria aliyewekwa na Wamarekani, naye akaondolewa.

Ripoti ya Meader

Seneti ya Marekani ilikuwa na kamati maalumu ya kuchunguza matumizi ya ulinzi, iliyoanzishwa mwaka 1941 na kuongozwa kwanza na Truman kabla hajawa makamu wa rais. Mnamo Agosti 1946 kamati hiyo ilisikiliza kwa faragha ushahidi wa Kanali Francis P. Miller, aliyekuwa amefanya kazi katika OMGUS. Miller alieleza habari za ulanguzi na mwenendo mbaya miongoni mwa maofisa. Mwanasheria wa kamati, George Meader, alisafiri kwenda Ujerumani na kuandika ripoti yenye tarehe 22 Novemba 1946.

Ripoti ilidai kwamba serikali ya kijeshi ilikuwa na watumishi wengi wasiofaa, kwamba magendo yalikuwa yameenea hadi ngazi za maofisa, na kwamba nidhamu na maadili yalikuwa yameporomoka. Ililalamikia pia gharama za ukaliaji na kuongezeka kwa wakimbizi katika kanda ya Marekani. Meader alipendekeza kamati ifanye uchunguzi kamili ndani ya Ujerumani.

Pendekezo hilo lilipingwa na serikali. Wizara ya Vita na Wizara ya Mambo ya Nje zilikuwa katika mazungumzo magumu na Umoja wa Kisovyeti kuhusu mustakabali wa Ujerumani, na hoja ikawa kwamba kuanika makosa ya Marekani mbele ya dunia kutadhoofisha msimamo wake. Kamati iliyokuwa chini ya Seneta Harley Kilgore haikwenda. Lakini yaliyomo kwenye ripoti yalifika magazetini mwanzoni mwa Desemba 1946, nao maofisa wa serikali ya kijeshi wakakanusha na kusema kwamba mengi ni uvumi wa watu waliokuwa na kinyongo.

Mwezi Januari 1947 chama cha Republican kilishika wingi wa viti katika Seneti, na uenyekiti wa kamati ukaenda kwa Owen Brewster. Wengi walitarajia uchunguzi wa Ujerumani ufanyike. Badala yake kamati ilijulikana zaidi mwaka huo kwa kumhoji tajiri wa ndege Howard Hughes. Uchunguzi kamili uliopendekezwa na Meader haukufanyika. Meader mwenyewe baadaye alikuwa mbunge wa Michigan kuanzia 1951 hadi 1965.

Suala la askari weusi

Sehemu ya ripoti ya Meader iliyozua hasira zaidi ilikuwa ile iliyohusu askari weusi. Jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga askari kwa rangi: weusi waliwekwa katika vikosi vyao, mara nyingi vya usafirishaji na huduma, na kwa kawaida chini ya maofisa weupe. Ripoti iliwalaumu kwa kiwango kikubwa cha uhalifu, magonjwa ya zinaa na mahusiano na wanawake wa Kijerumani, na ikataka waondolewe Ujerumani.

Lawama hizo zilijenga picha isiyo sawa. Makosa makubwa ya fedha na mali yaliyofika mahakamani, kama yale ya Kronberg, yalikuwa ya maofisa weupe. Aidha takwimu za makosa ziliathiriwa na polisi wa jeshi waliowalenga weusi zaidi, na uhusiano kati ya askari mweusi na mwanamke mweupe ulionekana kuwa kosa machoni pa makamanda wengi hata pale ambapo haukuvunja kanuni yoyote.

Waziri wa Vita Robert P. Patterson alikuwa na msaidizi wa kiraia aliyeshughulikia mambo ya askari weusi, Marcus H. Ray. Ray alizunguka Ulaya mwezi Novemba na Desemba 1946. Alikubali kwamba matatizo ya nidhamu yalikuwepo, lakini aliyahusisha na uongozi mbaya, elimu ndogo, ukosefu wa mafunzo na utengano wenyewe, si na rangi ya askari. Kutokana na mwelekeo huo, Jenerali Clarence Huebner alianzisha mwaka 1947 mpango wa mafunzo na elimu kwa askari weusi mjini Kitzingen, Bavaria. Makosa ya nidhamu yalipungua. Matokeo hayo yalidhoofisha dai kwamba kuwaondoa ndiyo ilikuwa dawa.

Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi jeshini tarehe 26 Julai 1948. Katika Ulaya utekelezaji wake ulichelewa hadi miaka ya 1950.

Mageuzi na mwisho wa OMGUS

Pamoja na hatua za fedha zilizotajwa juu, jeshi liliunda kikosi maalumu cha ulinzi wa kanda, kilichoanza kazi tarehe 1 Julai 1946 chini ya Jenerali Ernest Harmon. Kikosi hicho kilidhibiti mipaka, kufanya misako ya magendo na kusimamia nidhamu ya askari pia. Kuanzia Aprili 1946 familia za askari ziliruhusiwa kuhamia Ujerumani, kwa matumaini kwamba maisha ya nyumbani yangepunguza utovu wa nidhamu. Hatua hiyo ilileta lawama mpya, kwani nyumba zaidi za Wajerumani zilitwaliwa katika miji ambayo tayari ilikuwa magofu.

OMGUS ilifikia mwisho Septemba 1949, baada ya kuundwa kwa Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani. Mamlaka yaliyobaki yalihamia kwa kamishna mkuu wa kiraia, John J. McCloy.

Tathmini

Ukaliaji wa Marekani nchini Ujerumani kwa kawaida huhesabiwa kuwa miongoni mwa uliofanikiwa zaidi: uchumi ulifufuka, uchaguzi ulirudi, na magazeti huru yakaanzishwa. Tuhuma zilizotajwa hapa hazifuti matokeo hayo. Zinaonyesha kwamba uwajibikaji ulitegemea nani analalamika na nani anasikiliza. Ripoti ya Harrison ilibadilisha mambo kwa wiki chache kwa sababu rais aliitaka na akaifanyia kazi. Ripoti ya Meader, iliyolenga serikali yote, ilizimwa kwa sababu za kidiplomasia, na kwa kuwa ilichanganya ukweli na chuki ya rangi ikawapa waliotuhumiwa njia rahisi ya kuipuuza.

Baadhi ya madeni yalilipwa baada ya miongo mingi. Katika Austria jirani, Mei 1945 jeshi la Marekani lilikuwa limetwaa treni iliyobeba mali za Wayahudi wa Hungaria, na sehemu ya mali hizo zikatumika kupamba makazi ya maofisa au zikauzwa. Walionusurika na warithi wao walifungua kesi mwaka 2001, na mwaka 2005 serikali ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 25.5. Fedha hizo zilielekezwa kwenye misaada kwa wahanga wa mauaji ya Wayahudi.

Katika sanaa

Filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1948, A Foreign Affair, inasimulia habari za kamati ya bunge la Marekani inayokwenda Berlin kuchunguza maadili ya askari na kukuta ofisa mmoja akishiriki magendo na kumficha mpenzi aliyekuwa karibu na Wanazi. Ilikosolewa nchini Marekani kwa kuwadhihaki wanajeshi, na serikali ya kijeshi haikuruhusu ionyeshwe Ujerumani. Mwaka huohuo William Gardner Smith, mwandishi Mmarekani mweusi aliyekuwa ametumikia jeshi Ujerumani, alichapisha riwaya Last of the Conquerors, inayoeleza maisha ya askari mweusi anayepata Berlin heshima ambayo jeshi lake mwenyewe linamnyima.